Baada ya kutoka kwenye kipindi: namna ya kustahimili kukataliwa na matusi ya mitandaoni

Mshiriki wa kipindi cha uhalisia cha televisheni hurudishiwa simu yake baada ya siku au majuma ya kutokuwa nayo, na ndani ya dakika chache husoma habari zake mwenyewe zilizoandikwa na maelfu ya watu asiowajua. Aliingia akiwa hajulikani nje ya ukoo wake na kazini kwake, na sasa ametoka akiwa na jina la kubandikwa: mchonganishi, mwongo, mshamba, yule aliyeachwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe ametolewa mapema au amefika fainali, na kwa ajili ya ndugu na marafiki watakaompokea. Hoja inayoongoza kila hatua nitakayoieleza ni moja: watu wanaokukataa mtandaoni hawajawahi kukutana nawe, kwa hiyo uponyaji wako hauwezi kutoka kwao, hata wakigeuka kesho na kukusifu. Utatoka kwa watu wachache wanaokufahamu, na kwa kazi ya polepole utakayoifanya ukiwa mbali na skrini.

Kabla ya kuiwasha simu

Usiiwashe simu ukiwa peke yako, na usiiwashe usiku. Mwombe mtu mmoja unayemwamini azishike akaunti zako kwa muda usiopungua wiki moja, asome kwa niaba yako na akueleze kwa mdomo yale tu unayopaswa kuyajua. Mtu huyo asiwe mama yako wala mwenzi wako. Wawili hao huumizwa na kila neno unalotukanwa, na ukiwapa kazi ya kusoma matusi hayo utakuwa umewaongeza majeruhi nyumbani. Tena ni wepesi kujibu kwa uchungu, na jibu la mzazi aliyekasirika husambaa kuliko tusi lenyewe. Anayefaa ni rafiki mtulivu, binamu, au mtu uliyewahi kufanya naye kazi, ambaye anaweza kusoma ujumbe mchafu, akaufuta, kisha akala chakula chake cha mchana.

Kazi yake ya kwanza ni usalama. Abadilishe nywila zote, awashe uthibitishaji wa hatua mbili, na apitie picha za zamani ili kuondoa zile zinazoonyesha nyumba unayoishi, shule ya watoto, namba ya gari au mahali unapofanyia mazoezi kila siku. Kazi ya pili ni kuchambua ujumbe ulioingia katika mafungu matatu: vitisho, ambavyo huhifadhiwa na wala havifutwi, mambo ya kazi na ya watu unaowafahamu, ambayo utayasoma mwenyewe, na mengine yote, ambayo huna wajibu wowote wa kuyasoma, sasa wala baadaye. Kazi ya tatu ni kuweka vichujio. Mitandao mikubwa inakuruhusu kuandika orodha ya maneno ambayo yakitokea kwenye maoni yanafichwa yenyewe. Andikeni humo matusi yanayojirudia, jina la kejeli ulilopewa, na hata jina la mshiriki mwenzako ambaye mnagombanishwa naye. Instagram ina njia ya kumwekea mtu mipaka bila yeye kujua, ambapo maoni yake kwenye machapisho yako huonekana na yeye mwenyewe tu. Kwa mtu anayetafuta ugomvi, njia hiyo mara nyingi hufaa kuliko kumzuia kabisa, kwa sababu anayezuiwa hufungua akaunti nyingine akiwa na hasira zaidi.

Kuna desturi ya kumwachia ndugu aendelee kuchapisha kwa jina la mshiriki wakati kipindi kikiendelea. Mimi siipendi, kwa sababu inamweka ndugu huyo mbele ya mawe yaliyokusudiwa kumpiga mwingine. Mwaka 2023 waandaaji wa Love Island ya Uingereza, kipindi cha uhalisia cha kutafuta wapenzi, walitaka akaunti za washiriki zilale kabisa wakati wote wanapokuwa kwenye jumba la kipindi, ili kuwakinga washiriki na familia zao. Ikiwa bado hujaingia kwenye kipindi, fanya hivyo hata kama hukuombwa.

Kwa nini inauma kiasi hiki

Watu watakuambia kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini methali hiyo ikimfikia mtu ambaye hajalala siku tatu humwongezea aibu juu ya maumivu, kwa sababu yeye ameshindwa kuyanywa maji na sasa anadhani kasoro ni yake. Maumivu hayo yana msingi katika mwili. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Kipling Williams walichapisha utafiti ambao watu waliolazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo walicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, kisha ghafla wakaacha kurushiwa. Sehemu ya ubongo inayohusishwa na kero ya maumivu ya mwili ilionyesha shughuli zaidi walipotengwa, na kadiri mtu alivyosema ameumia ndivyo shughuli hiyo ilivyokuwa kubwa. Mwaka uliofuata Williams na wenzake walionyesha jambo ambalo kila mshiriki wa televisheni anapaswa kulijua: hata watu walioambiwa wazi kwamba wanaowatenga si binadamu bali ni programu ya kompyuta, nao waliumia.

Fikiria maana yake. Ikiwa kutengwa na programu isiyo na moyo kunatosha kumtikisa mtu, basi kutikiswa na maoni ya wageni, hata wale unaowadharau, hakumaanishi kwamba wewe ni dhaifu. Ubongo haupimi kwanza sifa za anayekukataa. Huumia, kisha ndipo hufikiri. Kazi yako katika siku za mwanzo ni kuupa nafasi ya kufika kwenye kufikiri. Kwa hiyo kula kwa saa zake, lala chumba kimoja na mtu au jirani naye ikiwa usiku unakutisha, tembea kwa miguu kila siku hadi mwili uchoke, na punguza pombe au uiache kabisa, kwa kuwa pombe na simu vikikutana saa sita za usiku huzaa maneno ambayo hayafutiki.

Inasaidia pia kuelewa kwa nini watazamaji hukasirika kana kwamba umewakosea wao wenyewe. Mwaka 1956, televisheni ikiwa bado changa, watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza aina ya uhusiano wa upande mmoja ambao mtazamaji huujenga na mtu wa kwenye skrini: anamwona kila jioni, anaizoea sauti yake, anaamini anamfahamu kama jirani, ilhali yule mwingine hajui hata kwamba yupo. Mtazamaji wa namna hiyo anapoona umemwacha mtu aliyekuwa akimpenda, huona umemsaliti rafiki yake. Hasira yake ni ya kweli, lakini uhusiano wenyewe haupo, na hakuna maelezo utakayompa yatakayourekebisha uhusiano usiokuwepo.

Yule aliyeonekana na wewe uliyekuwepo

Vyaelea vimeundwa. Kipindi kinachorushwa kwa muda usiofika saa moja kimechotwa katika siku nzima ya kamera nyingi, na maana yake ni kwamba zaidi ya sehemu 23 kati ya 24 za siku yako hazikuonekana na mtu yeyote. Wahariri hutafuta hadithi, na hadithi inahitaji shujaa, adui, mpenzi na mtu wa kuchekwa. Uso wako ukionyesha mshangao unaweza kuwa umechukuliwa saa nyingine kabisa na kubandikwa baada ya maneno ya mwenzako. Sentensi mbili ulizozisema kwa siku tofauti zinaweza kuunganishwa zikasikika kama moja. Katika mahojiano ya pembeni, swali lililokuchokonoa hukatwa na jibu lako hubaki likining'inia, likionekana kama dukuduku ulilolitoa mwenyewe bila kuulizwa. Kisha huwekwa muziki, na muziki humwambia mtazamaji amchukie nani. Mikataba ya vipindi hivi kwa kawaida huwapa waandaaji haki ya kufanya hayo yote.

Hata hivyo, nakuomba usijifiche nyuma ya uhariri kwa kila kitu. Wahariri hufanya kazi na maneno uliyoyasema. Mshiriki anayedai kwamba kila baya lilitungwa hubaki amekwama, kwa sababu ndani yake anajua si kweli, na kile anachokijua humsumbua usiku. Tazama kipindi mara moja tu, mchana, ukiwa na mtu aliyekujua kabla ya umaarufu, huku simu ikiwa chumba kingine. Kwa kila tukio lililokuletea lawama, andika kwenye daftari mambo matatu: lilitokea nini hasa, kilionyeshwa nini, na ungetenda nini kama ungerudishwa pale. Utashangaa jinsi jibu la tatu linavyokuwa fupi. Wakati mwingine ni neno moja, kwamba ungenyamaza.

Kuandika huku kuna faida iliyopimwa. James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1986, waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini watu hao hao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, na hilo lisikutishe; panga kitu chepesi cha kufanya mara baada ya kufunga daftari. Daftari liwe la karatasi, na lisisomwe na mtu, wala lisije likageuzwa chapisho.

Ukigundua kwamba kweli ulimkosea mtu, mtafute huyo kwanza, kwa faragha, kabla hujasema neno hadharani. Msamaha unaoanzia mtandaoni humfanya aliyekosewa kuwa kifaa cha kukusafishia jina, naye huliona hilo. Baada ya hapo, ikibidi kuomba radhi mbele ya watu, omba mara moja, kwa sentensi chache, ukitaja kosa lenyewe bila neno “lakini” ndani yake. Asiyeridhika atakuwepo. Usiombe mara ya pili kwa ajili yake.

Kujibu au kunyamaza

Kila mtu aliyesingiziwa hutamani kueleza, na tamaa hiyo ni halali. Tatizo ni mahali. Mitandao ya kijamii hupandisha juu kile kinachojibiwa, kwa hiyo tusi lililosomwa na watu 40, ukilijibu kwa akaunti yenye wafuasi laki moja, umelipeleka wewe mwenyewe kwa hao laki moja. Tena anayetukana hupata alichokuwa akikitaka, yaani uthibitisho kwamba umemsoma, na wenzake hujifunza kwamba mlango uko wazi.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii: hakuna jibu lolote kabla ya siku tatu kupita, na hakuna matangazo ya moja kwa moja usiku. Andika jibu lako lote, na ukali wake wote, kwenye daftari. Baada ya siku tatu lisome kwa sauti mbele ya yule rafiki anayeshika akaunti zako. Likiwa bado linafaa, jiulize linarekebisha ukweli gani ambao ukiachwa utamdhuru mtu. Kuna uongo unaostahili kukanushwa: umetajwa kuwa umetenda kosa la jinai, au jina la mtoto limeingizwa, au picha bandia inasambazwa. Uongo wa namna hiyo ukanushwe kwa taarifa moja tulivu, ikiwezekana baada ya kuzungumza na mwanasheria, kisha taarifa hiyo iachwe ijitegemee bila mabishano chini yake. Lakini mtu kuandika kwamba hupendezi, kwamba unajisikia au kwamba hukustahili kushinda si dai la kukanushwa. Ni maoni ya mgeni juu ya mtu aliyemwona kwa dakika chache kila jioni.

Jihadhari pia na sifa. Mshiriki anayeamka asubuhi na kutafuta jina lake ili asome mazuri atayakuta na mabaya njiani, na kwa kuwa akili hushika baya moja kuliko mazuri kumi, atatoka akiwa na hilo moja. Ukishaacha kutafuta jina lako, acha kabisa, pamoja na siku ulizosifiwa.

Vitisho vina njia yake

Tusi unaweza kulipuuza, kitisho hakipuuzwi. Mtu akisema atakudhuru, akitaja mahali unapoishi, akikufuata katika kila akaunti mpya, au akidai fedha ili asichapishe picha zako za faragha, usimjibu na usifute chochote. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe, saa na ujumbe mzima, nakili kiungo chake, hifadhi nakala mahali pawili, kisha uripoti kwa mtandao husika, na hapo ndipo umzuie. Ukimzuia kwanza unaweza kupoteza uwezo wa kuuona ushahidi. Nenda polisi ukiwa na ushahidi uliopangwa kwa tarehe, na uende na mtu mwingine.

Sheria zinatofautiana kati ya nchi na nchi, lakini zinasogea. Nchini Japani, mwanamieleka Hana Kimura, aliyekuwa mshiriki wa kipindi cha uhalisia cha Terrace House, alifariki mwezi Mei 2020 akiwa na umri wa miaka 22, baada ya kuandamwa na matusi mengi mtandaoni. Waliopatikana na hatia ya kumtukana walitozwa faini ndogo mno, jambo lililowaudhi wengi. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na adhabu ya kosa la kutukana ikapandishwa hadi kifungo cha mwaka mmoja au faini ya hadi yeni 300,000. Sitaki jina lake lipite hapa kama mfano tu wa kisheria. Alikuwa binti wa mtu, na nyuma ya neno “maoni” palikuwa na watu walioketi wakaandika.

Kukataliwa na mtu mmoja mbele ya wote

Kuna washiriki ambao kinachowaumiza zaidi si umma, bali ni yule mmoja aliyesema “hapana” huku kamera zikiwaka: mpenzi aliyemchagua mwingine, rafiki aliyempigia kura ya kumtoa, jaji aliyemwambia hana kipaji. Kuachwa kwa kawaida huwa na faragha yake. Mtu hulia ndani kwake, na watu husahau. Wewe kuachwa kwako kuna rekodi, kunachezwa tena kwa vipande vya sekunde 20, na watu usiowajua wanakuuliza sokoni kama umeshapona.

Mambo mawili yanasaidia. La kwanza ni kukumbuka mazingira yaliyoizaa hisia yenyewe: mlifungiwa pamoja, bila simu, bila kazi, bila rafiki wa zamani wa kukushauri, na kila mazungumzo yalisukumwa kuelekea swali la nani anampenda nani. Upendo unaweza kuota hapo, lakini uzito wake huwezi kuupima hadi utoke nje. La pili ni kukataa kuigiza maombolezo. Waandaaji, magazeti na wafuasi watataka mkutane tena, mrushiane maneno, mrudiane. Kila mkutano wa hadharani hufungua kidonda kile kile kwa faida ya watu wengine. Ikiwa mna la kusema, lisemeni bila mtu wa tatu. Kuhusu kura na majaji, walipima onyesho la siku chache kwa kanuni za mchezo. Kama ni kipaji chako kilichopimwa, tafuta mwalimu wa fani hiyo akusikilize upya na akuambie ukweli wa kitaalamu.

Kimya kinachofuata

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo washiriki huandaliwa nalo kwa uchache zaidi. Matusi yana mwisho. Msimu mpya unaanza, sura mpya zinaingia, na wale waliokuwa wakikutukana wamehamia kwa mwingine. Siku hiyo wengi hutarajia kupumua, badala yake huhisi kama wameanguka shimoni. Mialiko hukoma. Idadi ya wafuasi huanza kushuka, kumi leo, mia kesho. Kampuni iliyoahidi kazi ya matangazo haipokei simu. Mtu aliyekuwa akilia kwa sababu wanamsema sasa analia kwa sababu hawamsemi, na anaona haya kukiri hivyo hata kwa rafiki.

Usione haya. Mwili wako ulizoeshwa kutazamwa kila saa, na kuondolewa kitu ulichokizoea huwa na machungu yake hata kama kitu chenyewe kilikuwa kinakudhuru. Hatari iko katika dawa za haraka: kuanzisha ugomvi ili utajwe, kufichua siri ya mwenzako, kurudi kwa mpenzi wa kwenye kipindi kwa ajili ya picha, kukubali kipindi kingine kabla jeraha la kwanza halijafunga. Kila moja ya hizo hurudisha kelele kwa siku chache na kukuacha chini kuliko ulipokuwa.

Kinachofaa ni ratiba isiyotegemea mtazamaji. Ikiwa kazi yako ya zamani ingali wazi, irudie, japo kwa saa chache; kama hutaki kuirudia, anza mafunzo yenye mwalimu na muda maalumu. Mwajiri akikuuliza kuhusu kipindi, uwe na sentensi moja iliyo tayari, kwa mfano: “Nilishiriki, nilijifunza jinsi ya kufanya kazi chini ya shinikizo, na sasa nimerudi kwenye fani yangu,” kisha uiache hapo. Fedha za mwanzo zitendee kama fedha za mwisho: tenga kodi ya mapato kabla ya kutumia chochote, usihamie nyumba ambayo kazi ya kawaida isingeweza kuilipia, na usisaini mkataba wa meneja katika mwezi wa kwanza. Kila wiki kutana na mtu ambaye hakukitazama kipindi kabisa. Mtu wa namna hiyo ni hazina. Mbele yake utajikuta unaongelea mvua, watoto na mpira, na utakumbuka sauti yako ilivyokuwa.

Msaada wa kitaalamu

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa methali hiyo sisemi kwa mafumbo. Ikiwa usingizi umekimbia kwa zaidi ya majuma mawili, ikiwa huli, ikiwa unaogopa kutoka nje, ikiwa umeanza kutumia pombe au vidonge ili usihisi, mwone daktari au mtaalamu wa saikolojia. Ikiwa wazo la kwamba ni afadhali usiwepo limekujia, usilibebe hadi asubuhi. Mwambie mtu aliye karibu kwa maneno ya wazi, mwombe akae nawe, na piga simu ya dharura au nenda hospitali saa hiyo hiyo. Wewe ndugu unayesoma, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halipandikizi wazo. Mara nyingi humpa mtu nafasi ya kwanza ya kulisema.

Wadai waandaaji wajibu wao kwa maandishi. Nchini Uingereza, baada ya vifo vya watu kadhaa waliowahi kushiriki katika vipindi vya aina hii, ITV, kituo cha televisheni cha huko kinachorusha Love Island, ilitangaza mwaka 2019 kwamba washiriki wa Love Island watapewa vikao visivyopungua vinane vya tiba ya kisaikolojia baada ya kurejea, pamoja na mafunzo kuhusu mitandao ya kijamii na fedha. Tangu Aprili 2021 kanuni za Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo, zinawataka watangazaji kutunza ustawi wa washiriki wanaoweza kudhurika. Hata kama nchi yako haina kanuni hizo, unaweza kuziomba huduma hizo hizo kabla ya kusaini, na unaweza kuziomba baadaye pia. Vifungu vya usiri kwenye mkataba huwatisha washiriki wengi hadi wanaogopa kufungua kinywa mbele ya mshauri. Mwombe mwanasheria akusomee mkataba na akueleze mipaka yake, badala ya kunyamaza kwa kukisia.

Marudio na msimu mpya

Ziko nyakati ambazo yote haya yatarudi: kipindi kinaporudiwa, msimu mpya unapozinduliwa kwa vipande vya zamani, au mshiriki mwenzako anapopata habari mbaya na jina lako kutajwa pamoja na lake. Ziandike tarehe unazoweza kuzijua kwenye kalenda. Wiki moja kabla, mrudishie rafiki yako akaunti, hakiki orodha ya maneno yaliyofichwa, ongeza majina mapya, waarifu nyumbani na kazini kwamba wiki hiyo hutajibu simu za waandishi, na panga kuwa mahali penye watu jioni ile ya kwanza kipindi kitakapokuwa hewani.